Bodi, ufadhili au Saccos: nani atalipia chuo, na ataanza kulipa lini?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, simu huanza kuita kati ya Moshi, Arusha na Dar: huyu mtoto tunamsomeshaje? Mjomba aliyesoma kwa mkopo anasema aombe Bodi, basi. Shangazi wa Saccos ya walimu anasema kopeni, mtarudisha kidogo kidogo. Mchungaji anamtaja mfadhili wa Ujerumani aliyemsomesha kijana wa usharika wa jirani. Kila mtu anasifia daraja alilovukia mwenyewe.

Mimi nashika vitabu vya Saccos moja mjini Moshi, na kuanzia Septemba hadi Novemba dirisha letu hujaa wazazi wenye watoto wa chuo. Ungetegemea nikuambie uje kukopa kwetu. Sisemi usije, ila nasema tuwe wa mwisho kwenye orodha yako, na nitaeleza kwa nini kwa hesabu. Wazazi wengi wanaofika dirishani wameshahangaika vya kutosha na swali la pesa itatoka wapi. Swali ambalo hawajaligusa ni nani atairudisha, na ataanza mwezi gani. Hapo ndipo njia hizi zinapoachana kabisa.

Mkopo wa Bodi: analipa mtoto, tena baadaye

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Mpaka leo wapo wazee wanaoiita "msaada wa serikali". Hakuna msaada hapo. Ni deni, limeandikwa jina la mtoto, na litamsubiri kazini. Lakini kwa bei, sijaona deni jingine Kilimanjaro wala Arusha linalolikaribia.

Zamani lilikuwa linauma zaidi. Deni liliongezewa asilimia 6 kila mwaka, ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, na watu walikatwa mshahara miaka mitano wakitazama salio ambalo halishuki la maana. Rais Samia alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021, na ikaondoka kuanzia Julai mwaka huo. Kilichobaki ni asilimia 1 ya gharama za uendeshaji, inayotozwa mara moja tu. Kwa hiyo mtu akikutisha kwa habari za kaka yake aliyemaliza chuo 2012, msikilize kwa heshima, ila ujue anakusimulia mkopo wa masharti yaliyopita.

Mkopo wenyewe una vipengele, na ni vizuri kuvijua kimoja kimoja. Kuna chakula na malazi, Sh10,000 kwa siku. Ilikuwa Sh8,500 mpaka ilipopandishwa mwaka wa masomo 2022/23. Kuna vitabu na viandikwa, Sh200,000 kwa mwaka. Halafu kuna ada ya mafunzo, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Ile ya chakula na malazi ndiyo wanafunzi wanaiita boom. Inakuja kwa mafungu, fungu la siku 60 likiwa Sh600,000, na mwanafunzi husaini kwa alama ya kidole kabla haijaingia kwenye akaunti.

Bodi hupima uhitaji, ndiyo maana wawili waliosoma darasa moja hupangiwa tofauti. Wengi hupata chakula na malazi yote, ila ada wanapewa kipande, na wengine ada hawapewi kabisa. Mzazi anasikia "kapata mkopo", anachinja kuku, halafu Novemba chuo kinamdai mtoto nusu ya ada. Mwambie akufungulie akaunti yake ya maombi mtazame pamoja mstari kwa mstari: ada asilimia ngapi, chakula asilimia ngapi. Tena Bodi hulipa ada kwa viwango vyake. Ukichagua chuo binafsi chenye ada kubwa kuliko kiwango hicho, tofauti ni yako, hata kama mtoto kapangiwa asilimia 100.

Marejesho ndiyo sehemu inayonifanya niupende mkopo huu kuliko yote. Kuna miezi 24 ya matazamio baada ya kuhitimu. Akiajiriwa, mwajiri anamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuipeleka Bodi moja kwa moja. Mshahara ukiwa mdogo, makato ni madogo. Aliyejiajiri hali yake si laini hivyo, kwa sababu anatakiwa kupeleka kiasi kisichopungua Sh100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi. Kijana mwenye banda la simu pale Kilombero, Arusha, anaweza kuiona laki moja ni mzigo kuliko mwalimu anayekatwa asilimia 15 yake. Hilo ni la kufikiria kama mtoto wako anasoma fani ambayo wahitimu wake wengi huishia kujiajiri. Na asidhani akikaa kimya atasahaulika: taarifa za wasiolipa hupelekwa kwenye taasisi za kumbukumbu za mikopo, na siku atakayokwenda benki kuomba mkopo wa kujengea, zitamsubiri pale mezani.

Kinachowaangusha watu kwenye Bodi mara nyingi ni karatasi, na karatasi yenyewe mara nyingi ni jina. Huku kwetu mtoto anazaliwa Kibosho anaandikishwa Elibariki Yohana. Shule ya msingi mwalimu anaandika Elibariki John. Kidato cha nne kinatoka cheti cha Elibarick J. na jina la ukoo limeongezwa mwisho. Kwa mama yake ni mtoto yule yule. Kwa mfumo wa kompyuta ni watu watatu. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo vilevile. Vile vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono huweza kuchukua wiki kadhaa kabla uhakiki haujakamilika, na dirisha la maombi halimsubiri mtu. Usingoje matokeo ndipo uanze. Anza mtoto akiwa bado kidato cha sita, Machi au Aprili, wakati foleni ni fupi.

Namba ya mtihani nayo. Ile ya kidato cha nne aliyoombea chuo ndiyo aombee mkopo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, na akichanganya, chuo kinamwona na Bodi haimwoni.

Ofisi ya serikali ya mtaa wetu iko chumba kimoja, meza moja, muhuri mmoja ndani ya boksi la bati. Mwaka jana nilikuwa pale kwa shida zangu nikamwona mama mmoja na binti yake.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Huyu ndiye wa chuo?"

"Ndiye. Tunaomba utugongee muhuri, tuwahi kwa wakili."

Mwenyekiti hakugonga. Alivaa miwani, akafunua ukurasa mmoja mmoja, akarudi nyuma, akaweka kidole. "Mama, hapa pa mdhamini pana picha, pana jina, hapana sahihi. Mdhamini ni nani?"

"Mjomba wake. Yuko Himo."

"Basi mpeni hela ya nauli binti aende Himo leo hii. Nikigonga hivi mtapakia kwenye mtandao, itakataa, mtarudi hapa mkiwa mmekasirika na mimi."

Binti aliondoka na fomu ndani ya bahasha ya kaki. Nilimshukuru yule mzee kimoyomoyo, kwa sababu wenyeviti wengi hugonga tu. Fomu inataka sahihi ya mwombaji, ya mdhamini, ya kiongozi wa mtaa au kijiji, na ya wakili au hakimu, na kila moja ina mahali pake. Ada ya maombi ni Sh30,000 na hairudishwi, kwa hiyo ni vyema ukailipa kwa fomu iliyokamilika.

Wanaoruhusiwa kuomba ni Watanzania wasiozidi miaka 35, waliomaliza kidato cha sita au diploma ndani ya miaka mitano, waliopata nafasi kwenye chuo kinachotambuliwa, na wasio na ufadhili mwingine unaolipa kila kitu. Yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya zinazohudumiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hutazamwa kwa jicho la pekee, lakini lazima ushahidi uwepo. Yatima asiye na cheti cha kifo cha mzazi, kwa Bodi, ana wazazi wote wawili. Majina yakitoka ukaona amepangiwa pungufu kuliko hali yenu inavyostahili, kuna dirisha la rufaa. Kwa sisi wa kaskazini Bodi ina ofisi ya kanda Arusha, hivyo safari ya Dar haina ulazima.

Ufadhili: halipi mtu, ila wengi hawaufikii

Ukipata, chukua. Sina mabishano hapo. Shida ni familia zinazopanga maisha juu ya ufadhili ambao bado hawajaupata.

Ulio mkubwa kwa sasa hapa nchini ni Samia Skolashipu, ulioanza 2022/23. Unalipa gharama zote na haurudishwi, lakini ni kwa wale waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa tahasusi za sayansi kidato cha sita, wakaenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Mtoto mwenye daraja la pili la HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, hahusiki, hata awe na shida kiasi gani. Na aliyeupata lazima aendelee kufaulu kwa kiwango kilichowekwa.

Mikoa yetu ina bahati ya kuwa na taasisi zinazofungua milango mapema zaidi. Shule ya St Jude ya Arusha, iliyoanza 2002, inachukua watoto wa familia zenye kipato cha chini kuanzia chini kabisa, na waliomaliza wana mpango wa kuwasaidia mpaka chuo. UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha, ina wanafunzi wa ufadhili, na mhitimu wa shule za UWC anayekubaliwa kwenye vyuo vya Marekani vilivyo kwenye mpango wa Davis anaweza kupata msaada wa ada huko. Utaona tatizo: milango hii inagongwa mtoto akiwa darasani bado. Mzazi anayeanza kuulizia Agosti, baada ya matokeo ya kidato cha sita, amechelewa kwa miaka.

Nikishagusa Marekani niseme na hili, kwa sababu vijana wetu huniletea kurasa walizozichapa kwenye steshenari. Pell Grant, msaada wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi ambao mwaka 2024/25 ulifika hadi dola 7,395, pamoja na FAFSA, ile fomu ya kuuombea, ni vya raia wa Marekani na wageni wachache wenye hadhi maalumu ya kisheria kule. Kijana wa Sakina, pale Arusha, hawezi kuvipata akiwa Sakina. Anachoweza kuomba ni msaada wa chuo chenyewe, na viko vyuo vichache sana, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, vinavyompokea mwanafunzi wa nje bila kuangalia kama ana uwezo wa kulipa, kisha vikamsaidia kulingana na hali yake. Ushindani wake si wa kawaida. Ajaribu, ila aombe na Bodi.

Ufadhili wa usharika, wa mtu binafsi au wa shirika dogo ndio ninaouogopea zaidi. Wafadhili hawa ni watu wema, hilo halina ubishi. Lakini wema wao hutegemea pensheni ya mtu mmoja kule Ulaya, au mchango wa kanisa ambalo waumini wake wamezeeka. Mfadhili akifariki mtoto akiwa mwaka wa pili, hakuna wa kumshtaki. Omba barua yenye majibu ya mambo haya: miaka mingapi, ada peke yake au na chakula na malazi, fedha inalipwa chuoni au kwa mtoto, na akishika masomo ya kurudia inakuwaje. Mwafrika anaona aibu kumuuliza mtu mwema maswali kama hayo. Yaulize. Ufadhili ukikatika katikati, mwanafunzi anayeendelea na masomo ambaye hana mkopo anaweza kuomba Bodi dirisha linalofuata, lakini huo mwaka wa katikati utakuwa juu yako.

Na anayetaka "hela ya faili" itumwe kwenye namba yake binafsi ndipo jina la mtoto lipite, huyo ni tapeli, awe amevaa kola au tai.

Saccos, benki na wale wa simu: analipa mzazi, mwezi ujao

Sasa kwetu. Saccos nyingi humkopesha mwanachama kwa kuangalia akiba yake, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba hiyo, na wanachama wenzake wanamdhamini. Mkopo wa ada hutoka haraka kuliko wa kujenga, kwa sababu kamati ya mikopo nayo ina watoto. Uzuri wake ni huo: haraka, watu mnafahamiana, hakuna uhakiki wa RITA.

Tuweke hesabu mezani. Tuseme mtoto anasoma shahada ya miaka mitatu, ada Sh1,200,000 kwa mwaka, chakula na malazi mafungu manne ya Sh600,000, vitabu Sh200,000. Jumla ni Sh3,800,000 kwa mwaka, Sh11,400,000 kwa miaka yote.

Akipata yote Bodi: inaongezwa asilimia 1, deni linakuwa Sh11,514,000. Akiajiriwa kwa mshahara wa msingi wa Sh800,000, anakatwa Sh120,000 kwa mwezi. Atamaliza ndani ya miezi 96, yaani miaka minane, na mshahara ukipanda anamaliza mapema zaidi. Mzazi hajatoa kitu.

Mzazi akikopa Saccos Sh3,800,000 kila mwaka kwa miezi 12, tuseme riba asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye salio lililobaki: mwezi wa kwanza analipa Sh373,667, inashuka taratibu, mwezi wa mwisho Sh321,417. Riba ya mwaka ni Sh370,500. Kwa miaka mitatu amelipa Sh12,511,500.

Mzazi akikopa mahali ambapo asilimia 1.5 ile ile inahesabiwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho: mwezi wa kwanza ni Sh373,667, sawasawa na wa hapo juu. Wa pili Sh373,667. Wa kumi na mbili Sh373,667. Riba ya mwaka Sh684,000. Kwa miaka mitatu amelipa Sh13,452,000. Ndiyo maana kumuuliza afisa mikopo "rejesho la kwanza ni ngapi" hakukusaidii chochote. Mwambie akuchapie ratiba ya marejesho yote kumi na mawili, kisha angalia mstari wa mwisho.

Lakini tazama tena. Tofauti ya gharama kati ya Bodi na Saccos nzuri haifiki hata milioni moja kwa miaka mitatu. Watu wanavumilia riba kubwa kuliko hiyo. Kinachowavunja ni muda. Sh373,667 mwezi wa kwanza, wakati mtoto hata boom hajaijua, kwenye mshahara ambao pengine una mkopo wa kiwanja tayari. Mtumishi anatakiwa abaki na theluthi moja ya mshahara, na nimeona slipu nyingi ambazo zimeshaigusa hiyo theluthi kabla ya neno "chuo" kutajwa. Rejesho likikwama, wanaofuatwa ni wadhamini wake, yaani mwalimu mwenzake wa meza ya pili. Urafiki wa miaka ishirini huishia hapo.

Mikopo ya ada ya benki inafanana na yetu, kwa mwenye mshahara unaopitia benki hiyo. Sina la kuongeza zaidi ya lile la ratiba.

Kausha damu usiguse. Anayekopesha laki tano leo akitaka laki sita na nusu mwisho wa mwezi, huku kadi yako ya benki ameishika yeye, hakusaidii kusomesha. Mikopo ya kwenye simu nayo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, zile zinazotuma ujumbe wa aibu kwa kila namba iliyo kwenye simu yako. Ada ya chuo ni fedha kubwa ya muda mrefu, na mikopo hii ni midogo ya siku chache. Haviendani hata vikilazimishwa.

Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu, haina riba, ila ni ya miradi ya vikundi. Kikundi cha kina mama kikiitumia kununulia mahindi na faida ikalipa ada, sawa. Wakigawana mtaji ukaenda chuoni, wamejitafutia kesi.

Na michango? Huku Kilimanjaro tuna kikao cha ukoo cha Desemba, na tuna magrupu ya harusi yanayokusanya mamilioni kwa wiki tatu. Ya ada hayakusanyi hivyo, nasema bila lawama; harusi ni siku moja na ada ni miaka mitatu, watu huchoka. Nimeona inafanya kazi pale ukoo unapoombwa kitu kimoja kinachoonekana. Baba mdogo wa Nairobi anunue kompyuta mpakato. Shangazi wa Boma Ng'ombe atoe godoro na vyombo. Babu auze miti miwili ilipie usajili wa mwaka wa kwanza. Kila mmoja ametoa mara moja na ameshamaliza.

Kozi yenyewe ni nusu ya jibu

Watu huchagua chuo kwanza, kisha wanatafuta pesa. Kwa familia isiyo na kitu ningegeuza.

Katika bajeti ya 2023/24 Serikali ilitangaza kufuta ada kwa wanaojiunga na vyuo vya ufundi vya DIT, MUST na ATC. ATC ni Chuo cha Ufundi Arusha, kiko mjini hapo hapo. Mwaka huo huo mikopo ya Bodi ilianza kutolewa pia kwa wanafunzi wa diploma kwenye fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi, uhandisi, kilimo na mifugo. Mtoto aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu fizikia, ambaye wazazi wanamsukuma kidato cha tano kwa sababu jirani kaenda, huenda angefika mbali zaidi kwa diploma ya umeme, akapata kazi, kisha akasoma shahada kwa mshahara wake. Wazazi wetu hawapendi kusikia neno diploma. Najua.

Fani pia hubadilisha nafasi ya kupata mkopo. Bodi ina vipaumbele, na ualimu wa sayansi na hisabati, tiba na uhandisi vimekuwa juu. Binti anayekwenda Chuo Kikuu cha Mwenge hapa Moshi kusomea ualimu wa hisabati, au KCMC kusomea udaktari, anasimama mahali tofauti na anayekwenda kusoma utawala wa biashara, hata wakiwa na hali moja nyumbani. Ila udaktari kwenye chuo kisicho cha serikali una ile tofauti ya ada niliyoisema, tena ni miaka mitano. Izidishe kwa tano kabla ya kushangilia.

Halafu kuna umbali. Mtoto wa Rau hapa Moshi anayesoma Chuo Kikuu cha Ushirika, pale Barabara ya Sokoine, au wa Kijenge kule Arusha anayesoma Chuo cha Uhasibu Njiro, anaweza kulala nyumbani. Boom inahesabiwa kwa siku, Sh10,000 ile ile, awe analipa pango la geto au anakula ugali wa mama yake. Hapo familia inaweza kukubaliana na mtoto kwamba sehemu ya fungu hilo izibe pengo la ada badala ya mzazi kwenda kukopa. Ni deni lake bado, na ni vizuri alijue hivyo, lakini ni deni lisilo na riba linalochukua nafasi ya deni lenye riba. Kikao hicho kifanyike kabla boom ya kwanza haijaingia. Ikishaingia, viatu na simu mpya huwa na hoja nzito.

Ningekuwa mimi

Mama wa Pasua anayeuza ndizi na yuko TASAF: Bodi, bila kusita, na nguvu zake zote ziende kwenye karatasi na namba ya kaya. Asikope popote.

Walimu wawili wenye watoto watatu shuleni: Bodi vilevile, hata kama wanahisi watapata kidogo. Wengi wa kundi hili hawaombi kabisa kwa kuamini kwamba mtoto wa watumishi hapewi, na Sh30,000 ya kuomba ni ndogo kuliko riba ya mwezi mmoja. Wakishaona kilichopangwa, wachukue Saccos pengo tu, na walikope kwa mwaka mmoja mmoja, wasikope la miaka mitatu kwa mkupuo.

Mfanyabiashara wa Samunge mwenye fedha za msimu: kabla ya kukopa azungumze na chuo kuhusu kulipa ada kwa awamu. Vyuo vingi vinakubali. Msimu ukiwa mbaya ndipo aje dirishani kwetu, na hapo akiba iwe ilishakaa.

Mwenye tahasusi ya sayansi na ufaulu wa kushangaza aombe Samia, aombe nje, aombe Bodi, vyote kwa wakati wake.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Bodi hutoa majina kwa awamu, na awamu za baadaye huweza kutoka wakati vyuo vimeshafunguliwa na usajili unaendelea. Wazazi wakiona jina halipo awamu ya kwanza hukimbilia dirishani kwetu kukopa ada yote. Wiki mbili baadaye jina linatoka, na mkopo wa Saccos umeshalipwa chuoni. Kama huna budi kukopa katika kipindi hicho, kopa kiasi cha kumwezesha asajiliwe tu, na kabla hujasaini muulize afisa mikopo kama ukirudisha mapema riba ya miezi iliyobaki inafutwa. Kwingine inafutwa, kwingine unalipa yote, na jibu liko kwenye masharti ya mkopo, ile karatasi ya nyuma ambayo watu wengi huisaini bila kuigeuza.